Ndege za bei chee: nani atajaza viti?

Ifuatayo ni mada aliyoitoa mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana waliokutana Jumamosi iliyopita kwenye kijiwe kimoja cha kahawa jijini Dar es Salaam. Tumeichapa kama alivyoisema, isipokuwa maneno mawili ambayo hayachapiki. – Mhariri



Mimi si rubani wala injinia. Nimeishia kidato cha nne, na ndege nimepanda mara moja tu, Mwanza kuja Dar, tena tiketi ya kulipiwa. Lakini nimeombwa nizungumzie ndege kubwa zinazouzwa kwa punguzo, zile pana zenye njia mbili katikati ya viti, na nimekubali kwa sababu jambo hili vigogo hulifanya lionekane gumu kuliko lilivyo. Hesabu yake ni ile ile ya daladala. Aliyewahi kuwa konda hapa tayari anaijua nusu yake.

Nianze na basi. Baba yangu mdogo alikuwa na Hiace mbili, zinakwenda vizuri, kila jioni hesabu inaingia. Siku moja akasikia kuna mnada, kampuni moja inauza mabasi yake ya zamani. Akaona basi la viti sitini kwa bei ya kutupa, akasema hii ni bahati haiji mara mbili. Akauza Hiace zote mbili akalinunua. Asubuhi linajaa, jioni linajaa, mchana kutwa linazunguka na watu tisa huku linakunywa dizeli kama trekta. Likaharibika giaboksi. Gerezani spea hakuna, ikabidi iagizwe Nairobi. Basi likalala wiki saba, na dereva anataka posho, na mwenye kiwanja anataka kodi ya maegesho. Mwaka ule ndio niliofaulu kwenda kidato cha tano, na ada ilikuwa itoke kwenye basi. Basi lile bado liko chini ya mwembe, kuku wanatagia ndani.

Sasa tupande ndege.

Bei ya kwenye karatasi

Kwanza mjue kwamba bei ya ndege mnayoisoma magazetini ni danganya toto. Boeing na Airbus walikuwa wakitangaza bei za karatasi kila mwaka. Mwaka 2016 bei ya karatasi ya Boeing 787-8, hii inayoitwa Dreamliner, ilikuwa dola milioni 224.6. Hakuna shirika lenye akili timamu linalolipa hiyo. Wataalamu wa biashara hii hukadiria kwamba mnunuzi wa kawaida hupata punguzo linalokaribia nusu ya bei, na mnunuzi mkubwa hupata zaidi. Kwa hiyo mtu akija jukwaani akasema, "Tumepewa punguzo," mwambieni asante, lakini hata Kariakoo fulana ya elfu kumi na tano inauzwa elfu nane na muuzaji anakushukuru.

Punguzo lina sababu zake. Kiwanda kikiona mwaka ujao kina nafasi tupu za kutengeneza, kinashusha. Aina mpya ikikaribia kutoka, ile ya zamani inashuka. Mteja aliyeweka oda akifilisika, ndege inabaki kiwandani haina mwenyewe, imepakwa rangi nyeupe, inasubiri atakayejitokeza. Na wakati mwingine kiwanda kinataka kumnyang'anya mwenzake mteja. Mwaka 1999 Singapore Airlines waliagiza Boeing 777 kumi, na Boeing wakakubali kuzichukua Airbus A340 kumi na saba za shirika hilo ili biashara ipite. Yaani muuza Toyota anakubali kukuondolea Nissan zako zote. Huo ndio mchezo wa wakubwa.

Halafu kuna punguzo la aina nyingine, la bidhaa yenye kasoro. Hapa naomba tutulie kidogo.

Vijana watukutu

Boeing waliionyesha 787 ya kwanza kwa mbwembwe tarehe 8 Julai 2007. Waliahidi kuikabidhi kwa mteja Mei 2008. Ikakabidhiwa kwa ANA ya Japani Septemba 2011, zaidi ya miaka mitatu baadaye. Katikati hapo kiwanda kiliendelea kuunda ndege huku michoro ikibadilika kila kukicha, hivyo zile za mwanzo zilitoka nzito kuliko ilivyopangwa, haziendi mbali kama ilivyoahidiwa, na zilifunguliwa na kufungwa upya mara nyingi. Zikapangwa uwanjani kule Everett, miaka inapita. Wateja wa awali wakazikataa. Kwa kuwa nyingi zilikuwa na namba za kiwandani za kumi na kitu, Wazungu wakazibatiza jina ambalo kwa Kiswahili ningesema "vijana watukutu", umri ule wa miaka kumi na tatu mpaka kumi na tisa ambao kila mzazi hapa anaujua. Mbili za majaribio zilishindikana kabisa kuuzika. Mwaka 2016 Boeing walizifuta vitabuni kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni moja kabla ya kodi.

Nani alizichukua zile watukutu? Ethiopian Airlines walichukua kadhaa, kwa bei ya chini. Na hawakujuta. Mnajua kwa nini? Hawa walikuwa wameshapokea 787 yao mpya tangu Agosti 2012, wa kwanza Afrika. Walikuwa na marubani wa aina hiyo, mafundi wa aina hiyo na karakana kubwa pale Addis Ababa. Ndege ikiwa nzito na haifiki mbali, si taabu. Wanaipeleka njia fupi kidogo, na ile nyepesi wanaipeleka mbali. Na abiria wapo, kwa sababu Addis ni kama stendi: mtu anatoka Lusaka, mwingine Dar, mwingine Lagos, wote wanashuka pale na kupanda ndege moja kwenda Guangzhou au Washington. Yule aliyenunua kitu chenye kasoro alikuwa na pa kukiweka.

Sasa mtazameni Mmexico. Serikali ya Mexico mwaka 2012 iliagiza 787 kwa ajili ya rais, ya sita kutoka kiwandani, kwa dola milioni 218 pamoja na vitanda na madoido. Ikafika 2016. Rais mpya, López Obrador, alipoingia Desemba 2018 akasema yeye hapandi, iuzwe. Ikapelekwa California ikae. Ikakaa zaidi ya mwaka mmoja hakuna mnunuzi, maegesho na matunzo yanalipiwa. Mwaka 2020 wakachezesha bahati nasibu kwa jina la ndege hiyo, na mshindi hapewi ndege, anapewa pesa! Mwishowe, Aprili 2023, Tajikistan wakaichukua kwa kama dola milioni 92. Ndege iliyonunuliwa bila njia ya kuipeleka ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani, wala haikuzeeka.

Na msidhani ni hiyo tu. Ile Airbus A380 ya ghorofa mbili, fahari ya dunia. Singapore Airlines walipokea ya kwanza 2007. Baada ya miaka kumi wakazirudisha za mwanzo kwa wenyewe waliowakodisha. Zikatafutiwa mtu wa kuzichukua hata kwa bei ya chini, dunia nzima ikawa kimya. Mbili zikachinjwa kule Tarbes, Ufaransa, zikauzwa spea. Ndege ya miaka kumi na ushee! Hiace ya baba mdogo ilikuwa na miaka ishirini na mbili na bado ilipata mteja.

Hesabu ya tajiri

Chukueni kalamu, au simu zenu. Namba hizi nazitunga mimi ili mwone kinachotokea, msije mkaandika ni za shirika fulani.

Tuseme ndege nzuri, mpya, gharama yake ya kodi au mkopo ni dola laki tisa kwa mwezi. Ni elfu thelathini kwa siku, iruke isiruke. Ikiruka saa kumi na mbili kwa siku, kila saa imebeba dola elfu mbili na mia tano za gharama hiyo. Sasa mwingine kapata ya punguzo, laki sita kwa mwezi, elfu ishirini kwa siku. Anashangilia. Lakini hana njia, inaruka saa tatu kwa siku. Gawanyeni. Kila saa imebeba zaidi ya dola elfu sita na mia sita. Mwenye ndege ghali ana gharama ndogo kuliko mwenye ndege ya bei chee, na hapo hatujagusa mafuta, marubani, bima wala fundi.

Ndiyo maana mashirika makubwa, kabla ya kuuliza bei, yana watu kazi yao ni kupanga kundi la ndege tu. Wanauliza: njia gani, abiria wangapi mwezi wa Februari na si Desemba peke yake, mizigo kiasi gani tumboni, ndege ifike saa ngapi ili igeuze, aina ngapi za injini tutazitunza. Ndege pana hizi zinatakiwa ziwe angani nusu ya siku na zaidi. Ikikaa chini, kila kitu kinaliwa. Konda anaijua hesabu hii. Gari likisimama kituoni dakika ishirini kungoja mtu mmoja, tajiri ataona jioni.

Majirani

Wapo watakaosema, basi tatizo ni mitumba, tununue mpya. Haya, twende Nairobi. Kenya Airways hawakununua mtumba. Walikuwa na mpango mkubwa wakauita Mradi wa Mawingu, na 2012 wakakusanya shilingi za Kenya bilioni 14.5 kwa wanahisa ili kuusukuma. Boeing 777-300ER zikaanza kuja 2013, Dreamliner 2014. Ndege safi kabisa. Lakini Agosti 2013 uwanja wa Nairobi ukaungua, Septemba magaidi wakavamia Westgate, watalii wakapungua, na 2014 ikaja Ebola Afrika Magharibi. Viti vimekuja, abiria hawajaja. Mwaka wa hesabu 2014/15 hasara shilingi za Kenya bilioni 25.7, mwaka uliofuata bilioni 26.2. Zile 777 kubwa, mpya, wakawakodisha Waturuki. Dreamliner mbili wakawakodisha Oman Air. Mwaka 2017 madeni ya mabenki yakageuzwa kuwa hisa na serikali ikaongeza mkono wake. Mimi sisemi walikuwa wajinga. Nasema hata mjanja, akiwa na viti vingi kuliko abiria, anaumia, na bahati mbaya haimsubiri aliyekwisha kukopa.

Uganda nao wakachukua Airbus A330-800 mbili, mpya. Ya kwanza ilifika Desemba 2020, ya pili Februari 2021, Covid ikiwa imeshika koo dunia. Safari yao ya kwanza ya Dubai ilikuwa Oktoba 2021. Miezi yote ile ndege ziko Entebbe. Na aina yenyewe ni adimu, waliochukua ni Kuwait Airways, Uganda Airlines na Air Greenland. Siku ukitaka kuuza, unamuuzia nani? Ni kama gari la kipekee mtaani: unaonekana wewe, lakini fundi hulijui na mnunuzi hamna.

Nyumbani

Sasa tunarudi kwetu, na naona mzee mmoja hapa mbele ameanza kutabasamu kwa sababu anakumbuka Alliance.

Kwa ndugu zangu waliozaliwa juzi: katikati ya miaka ya tisini Tanzania, Uganda na shirika la Afrika Kusini, SAA, waliungana kuanzisha shirika la safari ndefu, Alliance. Ndege yake ilikuwa Boeing 747SP ya SAA. Sikilizeni kioja. 747SP zilitengenezwa 45 tu duniani. SAA walizinunua 1976 kwa sababu nchi za Kiafrika zilikataa ndege za makaburu zisipite anga lake, kwa hiyo wakahitaji ndege ya kuzunguka bara zima kupitia baharini bila kutua. Yaani ndege iliyonunuliwa ili ituzunguke sisi, ilipozeeka ikaletwa kwetu tuifanyie biashara. Jumba la injini nne, mafuta ya kuzunguka bara, abiria wa Dar na Entebbe. Mwaka 2000 shirika lile likafa.

Mwaka 2007 ATCL wakakodi Airbus A320. Si ndege pana, naitaja kwa harufu yake tu. Iliruka miezi michache, ikapelekwa nje matengenezo, na huku imelala kodi ikawa inahesabiwa. Deni lake limezungumzwa kwenye ripoti za CAG kwa miaka.

Kisha ikaja 2016, ndege zikaanza kununuliwa kwa fedha taslimu, na Julai 2018 Dreamliner ya kwanza ikatua Dar. Mimi nilikwenda kuiona. Nilipiga makofi, sitaficha. Ni mpya, si mtukutu, na viti ni 262. Ndege hii inaweza kwenda zaidi ya kilomita elfu kumi na tatu bila kutua. Ilianza kwenda wapi? Kilimanjaro na Mwanza. Dar hadi Mwanza kwa anga hazifiki kilomita elfu moja! Safari ya Mumbai ilianza Julai 2019, mwaka mzima baadaye. Guangzhou ikaja baadaye tena, na hapo nakiri wafanyabiashara wa Kariakoo wapo, wanajaza viti na wanajaza tumbo la ndege kwa mizigo. Lakini mwaka ule mmoja, rudini kwenye hesabu yenu ya kalamu. Nani alilipa zile saa za kukaa chini?

Wakubwa walijibu kwamba tumelipa taslimu kwa hiyo hatuna deni. Jamani. Baba mdogo naye alilipa taslimu. Pesa taslimu iliyolala ni pesa ambayo haikujenga kitu kingine, na ya kwetu ilitoka kwenye soda, sigara na vocha za kila mtu hapa.

Dreamliner ya pili ilikuja Oktoba 2019, ya tatu Agosti 2024. Karibu miaka mitano kundi la ndege pana za abiria lilikuwa ndege mbili. Injini zake ni Rolls-Royce Trent 1000, aina ambayo ilisumbua mashirika mengi duniani kwa mapanga kuchoka kabla ya wakati, ndege zikalazwa. Ethiopian ndege moja ikilala, abiria hajui. Sisi wakati ule ikilala moja, nusu ya kundi ilikuwa imelala, abiria yuko Mumbai anapiga simu. Airbus A220 zetu nazo, ndogo zaidi, zimelazwa kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney. CAG ameandika hasara ya ATCL ya shilingi bilioni 56.64 kwa mwaka 2022/23, na bilioni 91.8 kwa 2023/24, na kulazwa kwa ndege hizo ni sehemu ya sababu.

Mzee amenong'ona hapa kwamba bila shirika la taifa tutabebwa na wageni milele. Sikatai, mzee wangu. Mimi nataka ndege ziwepo. Mtalii akishuka na ndege ya Twiga moja kwa moja, dereva wa teksi anakula, kijana wa Arusha anakula. Ninachokataa ni kununua kwanza halafu kutafuta njia. Ndege nyingine ikitangazwa, iwe ya punguzo au ya bei kamili, msiishie kuuliza imenunuliwa kiasi gani. Ulizeni itaruka saa ngapi kwa siku mwezi wa kwanza baada ya kufika. Ulizeni njia ipi, na vibali vya nchi hiyo vimeshapatikana au bado. Ulizeni ni ya ngapi ya aina hiyo kwenye kundi, injini ikizima ya akiba iko wapi, nani fundi wake na yuko mji gani. Na kama ni ya bei chee, ulizeni aliyeikataa kabla yetu alikuwa nani. Majibu hayo si siri ya jeshi, yamo kwenye mpango wa biashara wa shirika, na mbunge wenu anaweza kuuomba mezani.

Nimeona mkono kule nyuma, kijana mwenye kofia. Na wewe dada wa chai, nimekuona umeshika kalamu, nadhani umegawanya ukapata jibu tofauti na langu. Njoo mbele tulione.